Amekuwa wa Ngapi?

Wiki hii sina stori ya mapenzi, wala simsemi mtu aliyetokomea na mchango wa harusi. Nimetoka nyumbani Kagera, kule pembeni kabisa ambako ukinyoosha mkono huu unaigusa Rwanda, ukinyoosha na ule unaigusa Burundi. Nimekaa wiki mbili kati ya Ngara na Biharamulo, na nimerudi na swali moja ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Hivi mtoto akitoka shule, tumuulize amekuwa wa ngapi, au tumuulize anaweza kufanya nini?

Usione ni swali jepesi. Kwetu limewagawa watu kama Simba na Yanga. Wazazi wako kwao, watoto wako kwao, na walimu wapo katikati wanapigwa na pande zote mbili.

Chanzo chake ni mtaala mpya. Serikali ilianza kuutumia Januari 2024, na kuanzia hapo mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza akawa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni mkondo wa jumla, ile sekondari tunayoijua wote, ya jiografia na kemia. Ya pili ni mkondo wa amali, ambako mwanafunzi anasoma masomo ya jumla machache na papo hapo anajifunza fani ya mkono: umeme, useremala, uashi, ushonaji, kilimo na kadhalika. Si kila shule ina mkondo huo, maana unataka karakana na vifaa, na hivyo havioti kama uyoga. Lakini gumzo lake limefika mpaka kwenye vijiwe ambavyo havina hata mwanafunzi mmoja.

Na katika gumzo lote hilo, kinachowachoma watu hasa ni alama. Kwenye historia mwanafunzi anaandika, mwalimu anasahihisha, namba inapatikana. Sasa huyu anayejifunza kufunga umeme utamsahihisha vipi? Utamwambia aandike insha juu ya nyaya? Hapana, itabidi umwone anafanya. Hapo ndipo wazazi wanapokuna vichwa. Nani atamwona? Atampa ngapi? Na hiyo ngapi itakubalika wapi?

Mimi na bureti

Kabla hujaniuliza mimi ni nani hata nizungumzie elimu, ngoja nijitambulishe. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018 kwenye shule moja ya kata, jina kapuni. Nilipata divisheni four ya pointi 27. Kiswahili nilipata B, na ndiyo hiyo inayoninunulia chumvi mpaka leo unaponisoma hapa.

Sasa sikiliza kichekesho. Katika kemia nilijua kuchora bureti vizuri kuliko mtu yeyote darasani. Ningeweza kukuchorea na kistuli chake na kikoki chake pale chini, mpaka na mstari wa kusomea ujazo. Lakini bureti yenyewe sikuwahi kuishika. Tulikuwa na jengo la maabara, lile ambalo wazazi wetu walichangishwa fedha, tena wengine waliuza mpaka mbuzi. Ndani yake kulikuwa na viti vibovu na mizinga miwili ya nyuki iliyokimbia mvua. Mwalimu alikuwa anachora ubaoni, sisi tunanakili, yeye anasema, "Rangi itabadilika na kuwa waridi." Tunaandika: waridi. Sijui hadi leo ni waridi wa namna gani.

Kulikuwa pia na kitu kinaitwa alama za maendeleo. Msomaji uliyepita sekondari unazikumbuka. Matokeo ya kidato cha nne hayatoki kwenye mtihani wa mwisho peke yake: alama 70 kati ya 100 ni za mtihani, na 30 zinatoka kwenye kazi za shuleni. Ndani ya hizo 30 imo na kazi ya mradi. Kwa mawazo yangu, hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo mtoto wa kata angeweza kuonyesha mikono yake. Wenzangu wawili walichonga meza ndogo ya kukunja, safi kabisa, ikakaa ofisini kwa mwalimu. Siku alama zilipobandikwa, darasa zima lilikuwa na alama zilezile. Aliyechonga na aliyelala, wote sawa. Yule mmoja aliuliza kwa heshima zote, akajibiwa, "Kwani wewe zimekupungua nini?"

Jibu hilo ndilo linalonifanya niwaelewe wazazi wanaoogopa alama za ujuzi. Si kwamba hawapendi ujuzi. Wanajua alama zikiwa mikononi mwa mtu mmoja asiyeulizwa, zinaweza kugeuka kuwa pipi.

Baba mkubwa na ndoo ya maji

Wa kwanza kuniambia hivyo alikuwa baba mkubwa. Mzee huyu alimaliza kidato cha nne mwaka 1980, enzi ambazo ukisema "fomu foo" watu wanakupisha njia. Nilipomwamkia na kumweleza habari ya amali alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mnadhani mmegundua? Sisi tulipimwa hivyo kabla mama yako hajaolewa."

Na ni kweli tupu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliulalamikia mtihani kwamba unampima mtu kwa kukariri na kutapika, haumpimi fikra wala moyo wa kuwatumikia wenzake. Novemba 1974, chama kilipokutana Musoma, likatoka Azimio la Musoma, na mojawapo ya maagizo yake ni kwamba mwanafunzi apimwe mfululizo, darasani na kwenye kazi. Kuanzia 1976 mtihani wa mwisho ukawa nusu tu ya matokeo, na nusu nyingine ikawa maendeleo ya shuleni. Shule nazo zikawa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu.

"Sasa ikawaje, baba mkubwa?"

"Ikawa hivi. Kuna alama za kazi, kuna alama za tabia. Mwalimu anakaa nyumba ile pale, kisima kiko kule bondeni. Unafikiri mwenye tabia njema alikuwa nani? Aliyekuwa anampelekea mke wa mwalimu ndoo ya maji!"

Tukacheka wote. Lakini akaacha kucheka ghafla, akaniambia kitu ambacho nilikiandika palepale kwenye kidaftari changu. Alisema wazo lilikuwa zuri, hata leo analipenda. Shamba la shule lilimfundisha kupanda kahawa kwa mistari, na kahawa hiyo imesomesha watoto wake wote. Kilichoharibu, kwa maoni yake, ni kwamba hakuna mtu wa nje aliyekuja kuangalia. Mwalimu alikuwa mchezaji, refa na mshika kibendera.

Watu wa Nyakanazi

Nikasema nisiishie kwa wazee. Nikashuka mpaka Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo. Kama hujawahi kufika, ni njia panda ambako malori yanatoka Dar kwenda Rwanda na Burundi, na mengine yanakata kwenda Kigoma. Usiku pale pamechangamka kuliko mtaa wenu. Na malori yakikutana penye njia panda, mafundi hawakosekani: wa matairi, wa kuchomelea, wa betri, wa springi.

Nina binamu yangu anachomelea pale. Aliishia kidato cha pili. Nilimkuta chini ya lori la Kirundi, dereva amesimama pembeni anamnyenyekea kama mgonjwa anavyomnyenyekea daktari. Alipotoka nikamuuliza anaonaje shule zikianza kutoa alama kwa ujuzi.

"Poa tu, dada. Ila waangalie kitu kimoja. Hapa sisi hatuna hamsini kwa mia. Hii springi ama imeshika ama haijashika. Ikishika nusu, dereva atakufa Rusumo kwenye ule mteremko."

Msomaji, rudia hapo usome taratibu, maana nilipanda basi kurudi huku maneno hayo yakinizunguka kichwani. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne, alama 30 mpaka 44 ni D, na D ni kufaulu. Ndiyo, kwa alama 30 kati ya 100 cheti kinaandikwa umefaulu somo. Kwenye jiografia haina neno. Ukisahau milima saba kati ya kumi hakuna atakayefariki. Lakini wewe ungekubali kulala kwenye nyumba iliyofungwa umeme na fundi wa alama 30? Ungemkabidhi mwanao kwenye basi ambalo breki zake zimetengenezwa na mwenye D?

Kwa hiyo ile dhana ya mtaani kwamba amali ni ya waliofeli, kwamba huko alama ni za bwerere, mimi naona wameigeuza chini juu. Ujuzi ukipimwa sawasawa ni mtihani mgumu kuliko ule wa karatasi. Karatasi inakusamehe. Springi haisamehe.

Binamu yangu anajua hilo, lakini hana kipande cha karatasi cha kuonyesha. Ndiyo maana macho yake yote yako VETA, ambako upo utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti kwa kile wanachokiweza. Anajua pia habari za nikeli ya Kabanga, kule Ngara. Serikali na wawekezaji walitia saini makubaliano ya mradi huo Januari 2021, na tangu hapo kila kijana wa kwetu anaota ajira. "Siku wakiita watu," aliniambia, "hawatakuja huku chini ya lori kuniangalia. Watasema leta cheti." Mkono anao, karatasi hana. Na mimi ninawajua wenye karatasi wasio na mkono, tele.

Kikao cha nyumbani

Sasa nikupeleke nyumbani, maana huku ndiko moto ulikowaka.

Nina mdogo wangu wa kiume. Alianza kidato cha kwanza mwaka 2025, mkondo wa amali, fani ya umeme, kwenye shule moja wilaya ya Biharamulo. Huyu toka utotoni ukimpa redio mbovu ataifungua, ukimpa redio nzima ataifungua vilevile. Baba hakuwahi kuupenda mkondo ule. Yeye ana ndoto yake ya tangu zamani kwamba mmoja wetu atakuwa daktari pale hospitali ya Murgwanza, na mimi nilishaitoa ndoto hiyo relini na pointi zangu 27.

Likizo ile mtoto amerudi na karatasi mbili. Moja ni ripoti ya kawaida, yenye namba. Nyingine ni ya mwalimu wake wa karakana, aliyoiandika kwa mkono. Haina namba hata moja. Imeandikwa: anaweza kufunga swichi ya njia mbili, anaweza kusoma mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, anatunza vifaa, bado hajaweza kupima waya wa ardhini bila kusimamiwa, ana haraka.

Baba akaigeuza mbele na nyuma. Akavaa miwani, akavua.

"Sasa amekuwa wa ngapi?"

Kimya.

"Nauliza, kati ya watoto sitini amekuwa wa ngapi? Au mnanificha?"

Mdogo wangu akajibu kwa sauti ya chini, "Baba, hiyo haina wa ngapi. Inasema naweza nini."

Wee! Utadhani amemtukana. Baba akasema ada siku hizi hakuna, sawa, lakini hela ya sare, ya chakula, ya bisibisi na koleo na glovu anatoa yeye, kwa kahawa yake, na hawezi kununua kitu kisicho na namba. Akasema muhula ukifunguliwa mtoto anahamishiwa mkondo wa jumla, akasome fizikia na baiolojia kama watoto wa watu. Mama, ambaye kwa kawaida hukaa kimya vikaoni, akasema yeye anajua mtoto amefaulu kwa sababu taa ya jikoni iliyomshinda fundi wa mtaani sasa inawaka. Baba akamwambia taa si cheti. Mama akasema na cheti si taa.

Baba mdogo naye akaingia. Huyu ni mwashi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika kwa mamia ya maelfu wakivuka daraja la Rusumo na kambi ya Benaco ikafumuka kama mji, alikuwa kijana asiye na kazi. Mashirika yalikuwa yanatafuta mafundi usiku na mchana. Anasema hakuna aliyemuuliza divisheni. Walimpa mwiko na pimamaji, wakamwambia jenga kona moja tuone. Akajenga. Jioni ile akaandikwa kazi. "Kaka," akamwambia baba, "ile kona ndiyo ilikuwa mtihani wangu. Na aliyenisimamia hakuwa mjomba wangu."

Nikaona baba mkubwa anatikisa kichwa. Ni maneno yaleyale: mtu wa nje.

Basi mdogo wangu akaombwa aseme lake. Watoto wetu tunawasemea sana, kusikilizwa ni mara chache. Alisema anaipenda karakana kwa kuwa ndiko mahali pekee ambapo akikosea anaona mwenyewe, hasubiri kalamu nyekundu. Alisema fizikia inaulizwa kwa Kiingereza, na yeye swali la saketi analijua, ila neno "explain" likitokea mkono unaganda. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtoto wa umri ule: hata yeye anaitaka namba. Kwa nini? Kwa sababu wapo wenzake ambao mwalimu amewaandikia "anaweza" na yeye anajua hawawezi. Wao karakana wanaingia sitini, mita ya kupimia ni mbili, mwalimu ni mmoja. Mwalimu hawezi kumwona kila mtu. Basi anayejipitisha mbele ndiye anayeonekana.

Unaona msomaji? Tulidhani baba na mwana wanapigana kumbe wanadai kitu kimoja. Baba anataka kitu cha kuamini. Mtoto anataka kitu cha kuamini. Tofauti ni kwamba mmoja anakitafuta kwenye namba, mwingine kwenye kazi.

Namba nayo si malaika

Na hapo ndipo nilipoomba ruhusa nikasema langu, kwa adabu, nikiwa nimekaa mkekani. Nilimkumbusha baba kwamba namba anayoiamini nayo imeshatuchezea.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 walipata sifuri. Nchi ikazizima. Tume ikaundwa, na ilipofika Mei 2013 Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Watu walewale, majibu yaleyale, karatasi zilezile, ila wengine wakaamka hawana tena sifuri. Sasa hao walikuwa wanajua au hawajui? Ikaja 2014, divisheni ikawekwa kando, ikaingia GPA, wazazi wakawa wanauliza hiyo ni dawa au dini. Januari 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza divisheni irudi. Na ilipofika Januari 2023, Baraza la Mitihani likiyatangaza matokeo ya 2022, likaacha kabisa kuzitaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Kwa hiyo hata Baraza lenyewe limepunguza kuuliza nani wa ngapi, tumebaki sisi na vikao vyetu.

Wala si sisi peke yetu tunaohangaika. Kenya walianza mtaala wao wa umahiri mwaka 2017, na wazazi wakalalamika kwamba kazi za mradi za watoto zinafanywa na akina mama usiku, na vifaa vyake vinakula hela. Rwanda, hapo ng'ambo ya Rusumo, walianza wa kwao 2016. Uganda walianza sekondari ya chini mwaka 2020, na darasa lile la kwanza likafanya mtihani wa mwisho 2024: alama 20 kati ya 100 zikitoka kwenye kazi za shuleni na 80 kwenye mtihani. Ukitazama vizuri, kote huko swali ni moja. Alama ya mwalimu aliyemwona mtoto akifanya iwe na uzito gani mbele ya karatasi ya mtu asiyemjua?

Jibu langu mimi, mtoto wa pointi 27, ni hili. Alama za ujuzi zihesabiwe, tena zihesabiwe kwa uzito, lakini kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza, awepo jicho la pili. Mwalimu wa shule nyingine, au fundi wa mtaani anayeaminika, aje siku ya kupimwa. Pale Biharamulo mjini mafundi umeme wapo, Ngara wapo. Mchezo mzuri unataka refa asiyekula nyumbani kwa timu.

Sharti la pili, kazi yenyewe ibaki. Meza ile iliyochongwa na wenzangu ingewekwa uani siku ya kikao cha wazazi, na jina la mchongaji limebandikwa juu yake, nani angethubutu kumpa sawa na aliyelala? Mzazi asiyejua kusoma ripoti anajua kutikisa meza.

Sharti la tatu, vifaa kwanza. Sitini kwa mita mbili ni bureti yangu ya ubaoni imerudi kwa jina jipya. Usimpime mtoto kwa kitu ambacho hukumpa akakishika.

Na kwenu wazazi, na sisi akina kaka na dada tunaotuma hela nyumbani, tuongeze swali. Sisemi tuache kuuliza amekuwa wa ngapi. Swali hilo tumelizoea na linatutia raha, ukweli lazima usemwe. Lakini baada yake tuulize la pili: nionyeshe. Kama ni umeme, nionyeshe. Kama ni ushonaji, hii hapa suruali yangu. Kama ni historia, basi nisimulie nielewe. Mtoto atakayeshindwa kuonyesha, hata awe wa kwanza, tuna kazi naye.

Kikao chetu kiliisha saa nne usiku. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa na ile karatasi isiyo na namba, halafu akamuuliza mdogo wangu huo waya wa ardhini unapimwaje, na kwa nini mwalimu ameandika bado. Wakatoka nje na tochi kwenda kuangalia pale unapochimbiwa ukutani. Walikaa huko muda mrefu, sauti zao tunazisikia, baba anauliza, mtoto anajibu, baba anauliza tena. Asubuhi yake alimwambia aendelee mpaka kidato cha nne, ambayo itakuwa 2028, ila kila likizo aje na karatasi zote mbili, na ile ya maneno aisome yeye mwenyewe kwa sauti mbele ya wote, pamoja na mahali palipoandikwa bado.

Mimi naona hapo mzee amepata kitu. Neno hilo "bado" halimo kwenye divisheni. Divisheni inakwambia wewe ni four, basi, kwaheri. "Bado" inakwambia rudi kesho na koleo lako. Mdogo wangu ana mabado mawili na muda wa kuyamaliza. Mimi niliyemaliza 2018 hakuna aliyewahi kuniandikia nilichoweza wala nilichobakiza, ilinibidi nikigundue mwenyewe mtaani, makala moja baada ya nyingine.

Haya msomaji wangu, na wewe leo jioni muulize mdogo wako aliyeko sekondari. Akikwambia amekuwa wa tatu, mpe hongera yake na soda. Halafu mwambie akuonyeshe.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!